Mashine Iliyotaka Kuchunguzwa

Kila tulipoiwasha kompyuta yetu ya nyumbani, kabla haijafikia ile picha ya mibuni niliyoiweka mwenyewe, kioo kilikuwa cheusi kwanza, kisha yakatokea maandishi meupe. Yalikuwa ya Kiingereza, lakini maana yake haikuwa ngumu. Yalisema kwamba diski moja inahitaji kuchunguzwa, na kwamba asiyetaka uchunguzi abonyeze kitufe chochote kabla sekunde hazijaisha. Chini yake namba zilikuwa zinashuka. Ukibonyeza, mashine iliendelea kama kawaida. Usipobonyeza, ilianza kujichunguza, na hapo ungeweza kwenda kupalilia na kurudi.

Aliyekuwa hodari wa kubonyeza ni mdogo wangu wa kike. Alikuwa akishika kikombe cha chai mkono mmoja na simu mkono mwingine, kwa hiyo alibonyeza kwa kiwiko.

"Itachunguzwa siku nyingine," alikuwa akisema. "Leo ina kazi."

Sisi ni watu wa huku juu, Mapera, wa kahawa na mahindi. Yeye aliolewa ziwani, kijiji cha ufukweni kusini mwa Mbamba Bay, na huko akawa mwalimu wa kwaya. Alipofika hakujua Kinyasa, na wao hawakujua Kimatengo, kwa hiyo alifundisha kwa Kiswahili, na ninadhani ndiyo sababu sauti yake ya kwaya ilikuwa tofauti na sauti yake ya nyumbani. Ya kwaya ilikuwa ya kupanga maneno. Ya nyumbani ilikuwa ya kuyamwaga.

Wanakwaya wake wengi hawakusoma noti. Walijifunza kwa sikio. Alichofanya ni kuimba sauti ya kwanza peke yake tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho na kuirekodi, kisha sauti ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne, na kila mwanakwaya akachukua ya kwake kwenye flashi au kwenye kadi ya simu. Mtu alienda nayo kwenye mpunga, au kwenye vichanja anakoanika usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu, akaisikiliza mpaka imwingie. Kwa njia hiyo mtu aliweza kuijua sauti ya pili vizuri kabisa bila kujua wimbo wenyewe ukoje, hadi siku ya mazoezi ya pamoja. Mdogo wangu aliipenda siku hiyo kuliko siku ya kuimba kanisani. Alisema ni kama kuona watu wanatambulishwa kwa ndugu zao.

Nyimbo zake za mwisho alizirekodi nyumbani kwangu, kwenye hiyo kompyuta. Alikuwa amepanda huku juu kwa ajili ya matibabu. Uvimbe titini aliuona yeye mwenyewe, mapema. Zahanati walimwambia aende hospitali kubwa akachunguzwe. Akasema baada ya Pasaka, kwa sababu kwaya ilikuwa na nyimbo mpya. Baada ya Pasaka mume wake akasema mpunga uvunwe kwanza, halafu watakwenda pamoja. Mpunga ulivunwa, ukapigwa, ukaingizwa ndani. Walipokwenda, madaktari hawakuuliza maswali mengi. Walimtazama, wakatazamana, wakaandika.

Kwa hiyo alikaa kwetu, kati ya safari moja ya hospitali na nyingine, na siku alizokuwa na nguvu aliketi mbele ya mashine na kuimba. Sauti ya nne, ile ya wanaume wa sauti nene, aliiimba kwa kujikaza koo mpaka mama yetu akacheka kule jikoni. Mama haoni. Presha ya macho ilimmaliza jicho moja, kisha la pili. Alikuwa anajua nani yupo nyumbani kwa sauti, na wakati ule aliweza kusema, bila kuuliza, mdogo wangu ameamkaje, kwa jinsi alivyosalimia tu.

Alifariki baada ya masika. Tulimshusha ziwani akazikwa kwa mume wake.

Kuna jambo ambalo si kila nyumba ya huku inalishika, lakini mama yangu alilirithi kwa mama yake na alilishika kwa nguvu: sauti ya marehemu haichezwi mpaka msiba umalizwe, mwaka unapotimia na kaburi linajengewa kwa saruji. Zamani, nadhani, ilihusu nyimbo alizozitunga mtu. Mtu akifa, wimbo wake nao ulipumzishwa. Zilipokuja kaseti, mama akasema ni hayo hayo. Ilipokuja kompyuta, akasema ni hayo hayo. Kwaya ya ziwani nayo ilikubali. Nyimbo zake ziliwekwa pembeni, na wengi walizifuta kwenye simu zao kwa heshima, wakijua kwamba zile za asili ziko kwetu. Nilifunika mashine kwa kitenge.

Ila siku za msiba, tuliporudi kutoka ziwani na kabla sijaifunika, watu walikuja na flashi. Mazishi yalikuwa yamerekodiwa na kijana wa video, na kila aliyetoka mbali alitaka nakala. Nyumba ya msiba haimfungii mtu mlango, na mimi sikujua namna ya kumwambia mtu aliyetoka kulia kwamba flashi yake ichunguzwe kwanza. Zilichomekwa, zikachomolewa, zikachomekwa nyingine. Baadaye, mwaka ule mzima, niliiwasha mashine mara chache tu, kwa barua ya mtu au mtihani wa shule. Maandishi meupe yalipotokea nilibonyeza, kama alivyokuwa akifanya yeye. Niliona imekuwa nzito. Nikasema ni vumbi.

Mwaka ulipokaribia kutimia, shemeji yangu alipanda kutoka ziwani ili tupange siku. Alikuja na mfuko wa usipa. Kwa heshima ya ukwe haingii chumba alichoketi mama, wala hasemi naye moja kwa moja. Huketi kwenye kiti kidogo nje ya mlango, na maneno hupitia kwangu, ingawa kati yake na mama hapakuwa na umbali hata wa kurusha kandambili.

"Mwambie mama shikamoo," alisema. "Mwambie nimeleta usipa kidogo."

"Nimesikia," mama akasema. "Mimi ni kipofu, si kiziwi. Mwambie marahaba, na asante. Mwambie amekonda."

"Mama, hujamwona."

"Sauti imekonda."

Shemeji alicheka kidogo, akaniambia kwa sauti ya kusikika, "Shemeji, huo usipa msiukaange kama mlivyoukaanga mara ya mwisho. Ninyi watu wa milimani mkimwona samaki mnamfanya kahawa, mpaka awe mweusi."

"Na ninyi mnamla na macho yake yanawatazama," nikamjibu.

Hayo ndiyo mazungumzo mepesi ninayoyakumbuka ya siku ile. Mama aliyasubiri yaishe, kisha akasema alichokuwa amekitunza.

"Siku ya saruji nataka nimsikie. Picha mnazo ninyi wenye macho. Mmezitundika, mnazitazama. Mimi nimekaa mwaka mzima sina kitu. Sikuomba, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Sasa naomba."

Niliondoa kitenge. Shemeji akasogeza kiti chake mpaka kizingitini ili aone kioo, miguu ikabaki nje. Nilibonyeza, mashine ikafunguka polepole, nikaenda kwenye folda niliyoiita Sauti. Ndani yake, mahali pa nyimbo, palikuwa na alama ndogo zenye mshale, zile ambazo mitaani wanaziita shotikati. Kila moja ilikuwa na jina la wimbo. Nilipoifungua mojawapo, dirisha jeusi lilitokea likapotea, na hakuna kilicholia.

"Hiyo naijua," shemeji alisema. "Ndiyo iliyokula flashi yangu."

"Ulikuwa na nyimbo zake kwenye flashi?"

"Zote. Sikuzisikiliza, nilizitunza tu. Nilipoichomeka kwa fundi wa simu kule bandarini, akaona mishale kama hiyo. Akasema imeliwa, haina kitu, tuifomati. Akaifomati. Akaniwekea nyimbo za dansi, akasema hizo ni za pole."

Hakuna aliyecheka.

Mimi si fundi. Nilichosoma darasani kiliishia la saba, na mengine nimejifundisha kwa vitabu vya maelekezo na kwa kujaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, nikiandika matokeo kabla ya kujaribu kingine. Kwa njia hiyo nilipata kujua, katika siku zilizofuata, kwamba kirusi cha aina hii hakili kitu. Kinaficha. Kinayawekea mafaili ya kweli alama ya kutoonekana, kisha mahali pake kinaweka mishale yenye majina yaleyale, na kila anayebonyeza mshale anakiamsha upya. Flashi ya shemeji haikuwa tupu. Nyimbo zilikuwa zimekaa humo zimefunikwa, na amri moja fupi ingezifunua. Nilijaribu kuirejesha kwa programu ya kufufua mafaili. Dansi lilikuwa limekaa juu ya kila kitu. Sikumwambia shemeji kuhusu ile amri moja. Aliniuliza tu kama imeshindikana, nikasema imeshindikana.

Kompyuta yetu haikuwa imefomatiwa. Niliandika amri ya kufunua, na nyimbo zikatokea, zote, kwa majina yake. Nilizima mashine ili niiwashe safi. Ilipowaka, zilikuwa zimefichwa tena, na mishale imerudi.

Nilikikuta kirusi mahali ambapo mashine huweka programu za kuanza nazo, kikiwa kimejipa jina la kistaarabu, kama karani wa ofisi. Nikakifuta. Kikarudi. Nikakuta kimejiandikisha pia kwenye ratiba ya kazi za mashine, kwamba kila baada ya muda kiitwe. Nikafuta ratiba. Kikarudi. Nilichomoa waya wa intaneti, kwa sababu nilidhani kinatumwa kutoka nje. Kikarudi. Antivirusi niliyoiweka ilikitambua, ikakitaja kwa jina, ikasema imekiondoa, na asubuhi yake kikawa kipo, na antivirusi yenyewe haifunguki. Mke wangu alisema nimeanza kuongea na mashine kama mtu anayemfukuza mbuzi kwenye mahindi.

Mwishowe nilifanya lile ambalo ningelifanya mapema kama ningelijua mapema. Kwenye mashine ya rafiki yangu huko Mbinga mjini, ambayo ilikuwa safi, niliandaa flashi yenye mfumo mwingine mzima wa kuendeshea kompyuta. Nikaiwasha ya kwetu kwa flashi hiyo, ili diski yake iamke kama mgonjwa aliyelazwa chali, haiwezi kuendesha chochote chake, wala kirusi hakiwezi kujitetea. Hapo nilikiondoa kila kilipokuwa. Nikafunua mafaili. Nikazima, nikawasha kwa kawaida, nikabonyeza kuruka uchunguzi. Nyimbo zilikuwepo. Nikazima, nikawasha tena. Zipo.

Nilimwambia mama. Aliniomba nimsomee majina. Nilisoma jina moja, naye akalirudia taratibu, nikasoma lingine, akalirudia, kama litania. Shemeji, aliyekuwa amebaki kwetu kusubiri, aliitika kila jina kule nje ya mlango bila kukusudia.

"Cheza moja," alisema. "Dakika moja tu, tujue inalia."

"Siku ya saruji," mama akasema.

Nilikubaliana naye, lakini nilitaka kwanza nizinakili kwenye flashi mpya, za kupeleka ziwani. Mstari wa kunakili ulifika mahali fulani ukasimama. Ndani ya sanduku la mashine kukatoka mlio mdogo wa kugonga, kama ukucha unaogonga bati, ukarudia, ukarudia. Nilingoja. Kioo kiliganda. Nilidhani ni mabaki ya kirusi. Nilikuwa nimepigana nacho kiasi kwamba kila ubaya niliuona una sura yake. Nilizima kwa kushikilia kitufe, nikawasha.

Kioo kikawa cheusi. Maandishi meupe yakatokea. Namba zikaanza kushuka. Nilipeleka kidole.

"Bonyeza, shemeji," alisema mume wa marehemu kule mlangoni. "Tumalize kunakili."

"Inasemaje?" mama akauliza. Alikuwa amezoea kunisikia nabonyeza na hakuwahi kuuliza.

"Inasema inataka kuchunguzwa diski."

"Tangu lini inasema hivyo?"

"Siku zote, mama. Tangu marehemu alipokuwa anaitumia."

"Na ninyi mnabonyeza isichunguzwe."

"Inachukua muda mrefu, mwambie mama," shemeji akasema. "Shughuli imekaribia. Tunakili kwanza, halafu itachunguzwa."

Mama aligeuza uso kuelekea mlangoni. Katika miaka yote ya ndoa ile sikuwahi kumsikia akimsemesha mkwe wake bila kupitia kwa mtu.

"Na wewe ndiwe uliyesema mpunga kwanza," alisema.

Nilisikia kiti kinasogea, kisha kandambili zake zikienda upande wa mibuni. Namba zilikuwa bado zinashuka. Mama alinyoosha mkono kutafuta wangu, akaupata, akaushika kwenye kifundo.

"Usibonyeze, baba," akasema. "Safari hii kinachotaka kuchunguzwa kichunguzwe."

Sikubonyeza.

Uchunguzi ulikwenda siku nzima. Mama aliomba kiti chake kiletwe karibu na meza, akakaa hapo mikono mapajani, kama alivyokaa kwenye benchi la hospitali. Mara kwa mara aliniuliza imefika wapi nami nikamsomea. Sehemu ya kwanza ilipita upesi. Ya pili ilipita. Ilipofika kwenye kusoma mafaili yenyewe, ule mlio wa ukucha ulianza tena na haukukoma.

"Inaumia?" mama aliuliza.

"Inafanya kazi, mama."

Shemeji alirudi, hakusogea kizingitini. Alikaa kwenye gogo na kumenya muhogo wa mke wangu bila kuombwa.

Jioni mashine ilimaliza, ikajiwasha yenyewe. Picha ya mibuni ikatokea. Folda ya Sauti ilikuwepo, na ndani yake nyimbo chache zilizobaki zilikuwa na jina bila uzito, sifuri. Pembeni palikuwa na folda mpya ambayo sikuwa nimeitengeneza mimi, yenye vipande vingi visivyo na majina, namba tu.

Baadaye nilisoma maelezo yake hadi nikayaelewa, na ninayaandika hapa kwa sababu mtu mwingine huenda akayahitaji. Uchunguzi ule unapanga upya mpangilio wa diski. Hautunzi kilichomo. Kwenye diski nzima ambayo umeme umeikatikia tu, unasaidia, na usiuruke ovyo. Lakini diski inayogonga ni diski inayokufa, na ya namna hiyo haichunguzwi. Inawashwa kidogo iwezekanavyo, kinachonakilika kinanakiliwa kwanza kwa upole, kipande kwa kipande, na kilichogoma kinarukwa na kurudiwa mwishoni. Sisi tuliilazimisha ijisome yote siku nzima. Kila isichoweza kukisoma ilikikata na kukitupa kwenye ile folda ya vipande. Yalikuwa magonjwa mawili, na nilipokuwa nautibu wa kwanza, wa pili ulikuwa ukijitaja kila asubuhi kwa maandishi meupe, ila tiba iliyoombwa ndiyo iliyoimaliza diski.

Niliipitia folda ile kipande kwa kipande kwa mfumo wa flashi. Vingi havikuwa kitu. Vingine vilikuwa vipande vya mitihani ya hesabu, robo ya picha ya mazishi, mahubiri ya mtu. Nilikipa kila kipande jina la faili la sauti, nikakijaribu. Kilicholia kwa sauti ya marehemu kilikuwa kimoja. Baada ya hapo diski haikuonekana tena hata kwa ule mfumo mwingine. Shemeji alikuwa ameshatangulia kushuka. Nilimpigia simu aulize kwa wanakwaya, nyumba kwa nyumba. Waliokuwa hawajafuta kwa heshima, kadi zao zilikuwa zimeota mishale na wamezifomati kwa fundi yuleyule.

Tulimshusha mama kwa gari la kukodi, akiwa amekaa mbele, akiuliza kila kona tumefika wapi. Shemeji alitupokea barabarani. Watu walipokuwa wanachanganya saruji, alinivuta pembeni, kwenye vichanja vya usipa vilivyokuwa vitupu siku ile.

"Umepata ngapi?"

"Kipande."

"Kwa nini kipande?"

Nilimweleza. Nilimweleza yote, kwa mpangilio, pamoja na lile la mwisho, kwamba kama tungebonyeza siku ile na kunakili kwa upole tungeweza kuzipata nyingi, pengine karibu zote. Sikujua kama ninamtendea haki au ninamwonea. Alisikiliza huku akikwangua magamba yaliyokauka kwenye kichanja kwa ukucha.

"Mama anajua?"

"Bado. Nitamwambia leo. Si haki alivyokusema."

"Alivyonisema ni kweli."

"Mpunga ni jambo jingine. Hili la mashine wewe ndiwe uliyekuwa sahihi."

"Usimwambie," alisema. "Shemeji, nakuomba. Yule mama akijua ni mkono wake, atakaa na hilo humo gizani. Mimi nina macho, naweza kutazama ziwa."

Baada ya misa na saruji, mama aliketishwa ndani kwa shemeji, juu ya mkeka, na wanawake wachache wa kwaya. Shemeji aliketi nje ya mlango. Niliweka spika ndogo karibu na magoti ya mama. Nilimwambia kwamba ni kifupi, mashine ilikuwa mbovu mno. Akaitikia kwa kichwa. Nikacheza.

Kilianza katikati ya neno. "...ya pili, msiwafuate wenzenu. Subirini. Mtaingia mkinisikia navuta pumzi." Kisha akakohoa, akaomba radhi, ukasikika mlio wa kikombe kuwekwa mezani. Akavuta pumzi. Akashika noti moja, na kabla haijageuka kuwa neno, ikakatika.

Wanawake waliangalia chini.

"Anaongea Kiswahili," mama alisema, kama mtu anayesikitika kidogo kwamba mgeni amekuja na nguo rasmi. "Rudia."

Nikarudia.

"Ndiye. Alikuwa amechoka. Hiyo ni ile chai ya tangawizi, alikuwa anaacha nusu." Alipapasa spika mpaka akaishika, akaikalisha mapajani. "Rudia."

Nilirudia mpaka nikaacha kuhesabu. Kila ilipofika ile pumzi, mmoja wa wanawake wa sauti ya pili alivuta pumzi naye, akajizuia.

Mama alipotosheka alisema nizime. Kisha akauliza, "Hicho kipande kimetoka kwenye ule uchunguzi?"

Kwa maana moja ilikuwa kweli. Kilikuwa kwenye folda ambayo uchunguzi uliitengeneza.

"Ndiyo, mama."

"Na kama tungebonyeza tena, kama siku zote?"

Nilitazama mlangoni. Niliona bega la shemeji tu, na mkono wake umeshika mwimo wa mlango. Mkono haukusogea.

"Tungekosa hata hiki," nikasema.

Mama alishusha pumzi. Aliwageukia wanawake wa kwaya, akawaeleza jinsi mashine ilivyokuwa inaomba kila siku na watu wanaipuuza, na jinsi yeye asiyeona ndiye aliyesema ichunguzwe. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno. Wakasema, "Kweli, mama."

"Mkwe wangu alitaka mbonyeze," aliniambia, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Si ndivyo?"

Nilifungua kinywa. Shemeji alitangulia.

"Mwambie mama ni kweli," alisema kutoka nje. "Mwambie ningemsikiliza tangu zamani."

"Nimesikia," mama akasema.